Refa wa pool anajuaje kwamba ni faulo? Uzi wa mapigo ya karibu yanayogombanisha watu

#1 Chaki Kavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mechi kubwa ya pool ikirushwa, vipande vya video vinaanza kuzunguka kwenye magrupu na watu wanashikana mashati. Huyu anasema faulo, yule anamwambia aache ushabiki. Ukiangalia vizuri, ubishi ni wa mapigo yaleyale: mweupe, yaani mpira unaopigwa kwa fimbo, uko karibu mno na mpira unaolengwa, au mweupe umeingia kwenye mipira miwili kwa mpigo mmoja, au mpira umejikokota hadi ukingoni na hakuna anayejua kama umegusa au umeishia njiani.

Mimi huchezesha mashindano ya vilabu vya mtaani, na kanuni za WPA, chama cha pool cha dunia, nazirudia mara kwa mara maana ndiko ubishi wote unakoishia. Nataka tuzungumzie namna refa anavyofika kwenye uamuzi. Wengi wanadhani kazi yake ni kukodoa macho pale fimbo inapogonga. Hapo jicho halina msaada.

Hesabu ni hii. Ncha ya fimbo inagusana na mpira kwa muda wa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kamera ya matangazo inayopiga picha 50 kwa sekunde inaacha mwanya wa sehemu 20 za elfu kati ya picha na picha. Fimbo inaweza kugonga, mweupe ukaenda, fimbo ikagonga tena, na yote hayo yakatokea ndani ya mwanya huo. Unasimamisha video unaona kabla, unasogeza kidogo unaona baada. Tukio lenyewe halimo.

Kwa hiyo refa anashika mambo mawili: alichokithibitisha kabla ya pigo, na mipira ilivyokwenda baada ya pigo.

Kugonga mara mbili. Mpira wa pool una gramu 156 hadi 170, fimbo ya kawaida inapita gramu 500, yaani karibu mara tatu. Ukigonga mweupe, fimbo haisimami, inaendelea mbele kwa mwendo uliopungua, na mweupe unaiacha nyuma kwa sababu una kasi zaidi. Sasa weka mpira mwingine sentimita moja mbele ya mweupe. Mweupe unaugonga usoni, unaukabidhi mwendo wake karibu wote, unasimama. Fimbo bado inakuja. Inaukuta hapohapo, inaugonga mara ya pili. Faulo hiyo, na mchezaji anaweza asiihisi hata mkononi.

Refa anaangalia mweupe unavyotoka. Pigo halali la kuufanya mweupe ufuate mbele lina kusita: unagonga, unakwama kidogo, kisha mzunguko wake ndio unaovuta kitambaa na kuupeleka mbele. Kwenye faulo hakuna kusita. Mipira miwili inaondoka pamoja, kasi zinakaribiana. Wapo wanaosikiliza mlio. Mimi mlio siuamini kwenye ukumbi wenye watu.

Mwongozo wa WPA unasema pengo likiwa dogo kuliko upana wa kipande cha chaki (kama sentimita 2 hivi), refa aongeze umakini. Asipoweza kuthibitisha kwamba pigo lilikuwa halali, basi mweupe ukiufuata mpira uliogongwa kwa zaidi ya nusu mpira, ni faulo. Kipenyo cha mpira ni milimita 57.15, kwa hiyo nusu yake inakaribia sentimita 3. Msamaha uko kwa anayeparaza tu pembeni: ukiugusa mpira ule kwa wembamba kabisa, pigo linahesabiwa safi hata kama kuna wa kubisha.

Hapa nina neno langu. Huo mwongozo wa nusu mpira unawanasa wenye mkono mzito, lakini unavujisha wale wanaosukuma kwa upole. Mtu anagonga mara mbili taratibu, mweupe unatambaa sentimita mbili, unasimama. Ukishika kipimo peke yake utasema sawa. Refa mzuri hapo anaacha kipimo na kutazama kasi.

Kugusa miwili pamoja. Kwenye pool ya mipira 9 lazima uanze na wenye namba ndogo kuliko yote iliyopo mezani. Tuseme 2 na 7 imekaa jirani na mweupe unaingia katikati. Upi umeanza? Mara nyingi ulioguswa kwanza ndio unaobeba sehemu kubwa ya mwendo, wa pili unapata makombo. 7 ikichomoka kwa kasi na 2 ikatingishika tu, jibu umeshapata. Ikiondoka sawasawa, huku na huku, na refa hawezi kutofautisha, kanuni inasema ihesabiwe kwamba mpira halali uliguswa kwanza. Anayepiga ndiye anayenufaika.

Ukingoni. Mpira ukishaguswa na hakuna ulioingia shimoni, lazima mpira mmoja wapo ufike ukingoni. Mchezaji anapoficha mweupe kwa pigo laini ili mpinzani akose njia ya kulenga, mpira unaenda unakufa, unakufa. Refa aliyesubiri kuinama mpaka pigo lipigwe ameshachelewa. Anatakiwa awe chini tayari, macho usawa wa kitambaa.

Kuna watakaosema ni mambo madogo. Mwaka 2024 fainali ya ubingwa wa dunia wa mipira 9 huko Jeddah iliisha 15-14, Fedor Gorst akamfunga Eklent Kaçi na kuondoka na dola 250,000. Kwa mchezo huo, faulo inampa mpinzani mweupe mkononi auweke popote anapotaka mezani. Kwa wachezaji wa kiwango kile hiyo ni fremu, yaani mchezo mmoja ndani ya mechi, imeondoka.

Karibuni.

#2 Shimo la Kati

Mkuu nimevuta kiti. Swali: mweupe ukiwa umegusana kabisa na mpira wangu, naruhusiwa kupiga moja kwa moja? Baa ninayocheza ukifanya hivyo wanakuzomea, wanasema umesukuma.

#3 Chaki Kavu

Unaruhusiwa mkuu, kwa kanuni za WPA, mradi ule mpira ni halali kwako kuugusa. Ikiwa imegusana, unapiga kuuelekea kwa pigo la kawaida, na ukisogea inahesabiwa umeguswa na mweupe. Wengi hapa wanachanganyikiwa: kukiwa na pengo la unywele ni hatari, kukiwa hakuna pengo kabisa ni salama. Ila kusukuma, maana yake kuacha ncha ing'ang'anie kwenye mweupe kuliko pigo la kawaida, kunabaki faulo palepale.

Kikwazo ni kwamba mipira inahesabiwa haijagusana mpaka refa au mpinzani atamke kwamba imegusana. Na jukumu la kuomba tamko hilo ni la anayepiga. Usipoomba, ukapiga, halafu ukaanza kuapa kwamba ilikuwa imegusana, umeshajichongea.

Refa anavyokagua: anashusha uso hadi usawa wa meza, anatafuta mwanga unaopita kati ya mipira. Anazunguka upande wa pili, anarudia, kwa sababu upande mmoja taa ya juu inaweza kumdanganya na kivuli. Hagusi kitu, haegemei meza. Halafu anatamka kwa sauti wachezaji wote wawili wasikie. Mpira uliolala kwenye ukingo nao ni hivyohivyo: ukishatamkwa kwamba umegusa ukingo, huwezi kuuhesabu kuwa umefika ukingo huo, mpaka uondoke na kurudi au uende ukingo mwingine.

#4 Mtoto wa Nyali

Yakhe umenifungua macho. Mie nimelelewa na snuka, na snuka mweupe ukigusana na mpira, refa anatangaza na wewe wapiga kwenda pembeni, ule mpira usitingishike. Ukitingishika ni faulo. Ndiyo maana wazee wa klabu hapa Mombasa wakiona kijana apiga ndani ya mpira uliogusana wataka kumvunjia fimbo. Kumbe ni kanuni za nyumba mbili tofauti.

Na kuna marefa waliotoka nyumba moja wakaenda nyingine. Michaela Tabb wa Scotland alianzia pool, na mwaka 2009 akachezesha fainali ya dunia ya snuka kati ya John Higgins na Shaun Murphy, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo.

#5 Kibo Baridi

Mleta uzi heshima yako, ila hapo kwenye kugusa miwili mimi sikubaliani. Mpinzani wangu kaificha ile 2 nyuma ya 7 kwa akili yake. Kafanya kazi. Mimi nalazimika kupiga ukingo kwanza, nabahatisha, naingia katikati. Halafu refa anasema hakuona, kwa hiyo mimi niliyebahatisha ndiye napewa? Aliyecheza vizuri anaadhibiwa kwa sababu macho ya refa ni mabovu. Ingekuwa mimi natunga kanuni ningesema: ukishindwa kuthibitisha kwamba umegusa halali, ni faulo. Mzigo uwe wako wewe uliyefichiwa.

#6 Chaki Kavu

Kaka Kibo, hoja nzito hiyo na si wewe peke yako unayeisema. Lakini fikiria matokeo yake. Adhabu ya faulo si kupoteza zamu tu, ni mweupe mkononi. Ukimpa refa ruhusa ya kutoa adhabu kubwa hivyo kwa sababu tu hana uhakika, kila pigo la jirani jirani litakuwa faulo mpaka lithibitishwe vinginevyo. Mchezaji aliyekaa kwenye kiti atakuwa anainuka kila dakika kudai.

Halafu tukirudi kwenye mfano wako: mpinzani aliyeficha 2 nyuma ya 7 ndiye aliyeiacha mipira jirani. Angeificha ikiwa na nafasi, ubishi usingekuwepo. Wachezaji wa juu wanajua hilo, wanapoficha wanahesabu pia kama wataacha utata.

Ila nakupa nusu ya hoja. Refa anayesema "siwezi kutofautisha" awe kweli alijaribu. Awe alisimama mahali ambapo mstari wa macho yake unapita kwenye pengo la ile mipira miwili, na si nyuma ya mgongo wa mpigaji akichungulia. Refa aliyesimama pabaya halafu akajificha kwenye kanuni ya shaka, huyo mimi simtetei.

#7 Mswahili wa Muttrah

Assalaam aleikum. Nafuatilia kutoka Muscat. Tangu mashindano makubwa yaanze kuja Jeddah na sisi huku Ghuba tumepata hamu, saa za mechi zinatuwia rahisi. Kabla ya hapo, 2021, Omar Al Shaheen wa Kuwait alifika fainali ya dunia akafungwa na Albin Ouschan 13-9, hapo ndipo nilipoanza kutazama.

Swali langu ni la teknolojia. Kriketi na tenisi wana kamera za kufuata mpira. Kwa nini pool isiweke kamera za kasi, zile za picha maelfu kwa sekunde? Ubishi wote ungeisha.

#8 Chaki Kavu

Wa aleikum salaam shehe. Kamera hizo zinaonesha kweli, na video za mafunzo zilizopigwa kwa kasi hiyo ndizo zilizotufundisha dalili ninazozieleza hapa. Tatizo la kwanza ni pembe. Mechi ina mapigo mengi na hujui lipi litaleta utata. Mweupe unaweza kuwa kona yoyote, na mara nyingi mkono wa mchezaji au mpira mwingine unaziba. Ungehitaji kamera za kuzunguka meza nzima, na taa kali zaidi, maana kamera ya kasi inakula mwanga.

La pili ni idadi ya meza. Kwenye raundi za mwanzo za mashindano makubwa kuna meza nyingi zinazochezwa kwa wakati mmoja, na marefa wanazunguka. Meza ya televisheni ina refa wake, hizo nyingine mchezaji anainua mkono na kumwita. Ukiweka kamera kwenye meza moja, mtu aliyetolewa meza ya pembeni atauliza yeye kosa lake nini.

Marudio ya kawaida yanafaa kwa mengine: mpira umefika ukingoni au la, mkono wa shati umegusa mpira au la, mipira irudishwe wapi baada ya kuvurugwa. Kwa kugonga mara mbili yanakupa mwelekeo wa mipira, na huo refa alishauona kwa macho yake.

#9 Dada wa Magomeni

Umegusia shati. Mimi nacheza ligi ya wanawake ya mtaani, na hapo ndipo tunapogombana kuliko kote. Kuna aliyeambiwa faulo kwa sababu rasta zake ziligusa mpira mwekundu akiwa ameinama. Mpira haukusogea. Je, ni haki? Na vipi pigo la kurusha mweupe juu ya mpira mwingine, refa anajuaje kama umeparaza ule wa chini?

#10 Chaki Kavu

Dada, kwa kanuni ya WPA mchezaji anawajibika kwa kila kitu anachokuja nacho mezani: chaki, nguo, nywele, mwili. Kugusa tu ni faulo, hata mpira usiposogea. Ila kuna nafasi pale ambapo mechi haina refa wa kudumu: mashindano yanaweza kuchezwa kwa utaratibu kwamba faulo ya kugusa inahesabiwa kwa mweupe peke yake. Kwa hiyo uliza kabla ligi haijaanza mnacheza kwa utaratibu upi. Kama hamkukubaliana, huyo dada kaonewa na waandaaji kuliko refa.

Kuhusu kurusha, nitakwambia siri ambayo marefa wapya hawaijui. Usitazame mweupe. Mweupe utautazama tu, jicho linaufuata lenyewe. Kaza macho kwenye mpira unaorukwa, chagua namba au mstari wake uukazie. Ukitikisika hata kidogo, umeguswa. Simama ubavuni mwa njia ya mweupe, mbali na macho ya mpigaji. Na angalia fimbo inavyoingia: kurusha halali ni kugonga mweupe kwa juu ukishuka, ukandamizwe kwenye meza uruke wenyewe. Kuuchota kwa chini kama unapakua wali ni faulo, hata ukiruka vizuri kiasi gani.

#11 Kibo Baridi

Wazee wa huku wanasema mipira ikiwa karibu ukiinua fimbo mpaka ikasimama mshazari, faulo haihesabiwi tena. Kweli?

#12 Chaki Kavu

Zipo ligi zilizowahi kuwa na utaratibu wa namna hiyo ili kupunguza ugomvi pasipo na refa. Kwa WPA kuinua fimbo hakukupi kinga. Kunasaidia tu kwa sababu fimbo iliyoinuka haifuati mbele sana, inaishia kwenye kitambaa, kwa hiyo uwezekano wa kuukuta mweupe tena unapungua. Bado unaweza kugonga mara mbili fimbo ikiwa juu. Refa anahukumu kilichotokea kwenye mipira, mkao wako hauhusiki.

Njia salama zaidi ni kulenga pembeni ya mpira, uparaze, mweupe upishe njia ya fimbo.

#13 Fimbo Fupi

Haya yote mazuri ila wengi wetu tunacheza baa, sarafu mbili mezani, hakuna refa, watazamaji kumi na kila mmoja ni refa, tena nusu yao wameweka dau. Juzi nilinyang'anywa fremu kwa sababu jamaa aliyekuwa nyuma ya meza akipokea chipsi zake alisema "mara mbili hiyo". Tufanyeje sisi?

#14 Chaki Kavu

Pole sana mkuu, chipsi ziliamua mechi.

Kanuni zenyewe zimelifikiria hilo: pasipo na refa, mpinzani ndiye anayeshika nafasi yake katika kuita faulo. Mambo mawili yatakuokoa. Kwanza, ukiona pigo linalokuja lina utata, simamisha mchezo kabla ya kupiga na mkubaliane mtu mmoja asiye na dau aje asimame aangalie. Atakachosema, basi. Ukiwa wewe ndiye uliyekaa, ni juu yako kuinuka kumwita, usisubiri apige ndiyo uanze kelele. Utaratibu wa meza nyingi, hata za ligi za Marekani, ni kwamba kama hukumwita mtu na mkabishana, neno la mpigaji linabaki.

Pili, faulo inaitwa kabla ya pigo linalofuata. Pigo hilo likishapigwa, ile iliyopita imekufa, inahesabiwa haikutokea. Huyo jamaa wa chipsi aliita lini?

#15 Fimbo Fupi

Baada ya mapigo mawili! Na nilikuwa nimeshaingiza mmoja. Nikiwaeleza hivi watanisikiliza kweli?

#16 Mtoto wa Nyali

Wachapishie kanuni uzibandike ukutani karibu na ubao wa chaki. Sie tulifanya hivyo, ubishi ulipungua, ingawa sasa wabishana karatasi ile yamaanisha nini.

#17 Shimo la Kati

Mimi la mwisho. Nikiwa na refa, nikaona pigo langu gumu, naweza kumuuliza kabla, "nikipiga hivi utahesabu faulo?" Na zile faulo tatu mfululizo, ananiambia nimefikisha ngapi au nihesabu mwenyewe?

#18 Chaki Kavu

La kwanza hapana. Refa anajibu ukweli ulioko mezani: mipira imegusana au haijagusana, mpira uko ukingoni au hauko, namba ndogo iliyobaki ni ipi. Hatakiwi kutoa maoni yanayoweza kubadili mchezo, mfano kukwambia kama mpira unafikika au pigo litapita. Ukimuuliza atakuangalia tu, na usimchukie.

La pili ndiyo, ni haki yako. Kwenye mipira 9, faulo tatu mfululizo bila kupiga hata pigo moja halali katikati zinakupotezea fremu, lakini lazima uonywe ukiwa na mbili kabla hujaanza pigo la tatu. Usipoonywa, ile ya tatu haikutoi, unahesabiwa bado una mbili.